Mama Hajambo

Kwetu ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo. Hata kama nyumba yako imeungua usiku wa kuamkia leo, unasema sijambo kwanza, ndipo unaanza kueleza habari ya moto. Nilimsikia mama kwenye simu akisema "nzuri tu, nzuri, sijui za huko" mara kadhaa kabla ya kumwambia dada yake wa Morogoro kwamba baba yangu amefariki. Mimi tangu mdogo nina ugonjwa wa kuuliza, na hilo nililiuliza pia: kwa nini tunadanganya? Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. Akasema hatudanganyi, tunasalimiana.

Sikujua kwamba neno hilo litakuja kututoa jasho katika mji wa watu.

Tulihamia Johannesburg mwaka 1995, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa mtu wa huku. Ujana wake aliukimbizia Tanzania kwa sababu ya siasa, akaishi Morogoro, akamwoa mama, na mambo yalipogeuka akarudi kwao na sisi wawili nyuma yake. Hakukaa sana duniani baada ya hapo. Alichomwachia mama ni kitambulisho cha kijani cha nchi hii, alichokipata kwa ndoa, na chumba kimoja ghorofa ya tano huko Berea, katika fleti tuliyochangia na mama mmoja wa Kirundi na watoto wake. Lifti ya jengo hilo ilikuwa imekufa kabla hatujafika.

Mama alipika chapati. Kila asubuhi alikanda unga kwenye beseni, akachoma, akafunga kwenye taulo, akaenda kuziuza Yeoville kwa Wakongo na Wakenya na Watanzania wenzetu, mafundi cherehani na wasusi. Chapati zake zilikuwa za kuchambuka, na alijua hivyo, na alitaka uzisifu. Kisha, nilipokuwa mtu mzima nasuka nywele saluni, vidole vyake vikaanza kuvimba. Mwanzoni aliamka vimekakamaa, vikalegea saa nne. Baadaye vikawa vinalegea mchana. Siku moja nilirudi nikakuta beseni la unga uliokauka, akaniambia unga wa siku hizi ni mbaya.

Yeye mwenyewe alijua jina la ugonjwa wake: baridi yabisi. Aliamini ameupata huku, na ukiishi msimu mmoja wa Juni katika mji huu, mkavu, wa baridi inayopasua midomo, huwezi kumbishia. Mara ya kwanza tulipofika kwa daktari wa hospitali kubwa nilitafsiri neno kwa neno, baridi na ukavu wake, na daktari akamwambia akohoe. Mama akakohoa kwa heshima. Akapimwa kifua, kikaonekana kizuri, na ndipo nilipomshika mkono nikauweka juu ya meza.

Daktari huyo wa kwanza alieleza vizuri, na maneno yake ndiyo yaliyotuongoza miaka yote iliyofuata. Alisema vidonge hivi havitanyoosha kilichokwisha kupinda. Kazi yake ni kuzuia kisipinde zaidi. Akiviacha, viungo vitapinda, na vikishapinda havirudi. Nilimtafsiria mama, safari hii bila makosa, naye akaitikia kwa kichwa, akamwuliza daktari kama amekula.

Kliniki ya mtaani ilitibu bure, lakini vidonge vyenyewe havikuwepo kliniki, vilikuwa hospitali tu. Na hospitalini kila faili lilikuwa na herufi na namba kwenye jalada, na namba hiyo ndiyo iliyosema utalipa nini. Mwenye sifuri hakulipa chochote, si kwa daktari wala kwenye dirisha la dawa. Nikataka kujua sifuri inapatikanaje. Karani wa dirisha la mafaili, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, akaniambia njia rahisi ni moja: mama apate granti ya ulemavu, yaani pesa ya serikali ya kila mwezi kwa mtu asiyeweza kufanya kazi. Mwenye granti, sifuri yake haina maswali.

Nilipomwambia mama habari ya ulemavu alinikata kauli. Nani kilema? Alisimama katikati ya chumba akazunguka ili nimwone pande zote. Ana miguu, ana macho, ana akili zake. Ilinichukua miezi kumlainisha. Kilichomlainisha mwishowe hakikuwa maneno yangu, ni aibu ya kuona kwamba nusu ya mshahara wangu wa kusuka nywele inakwenda kwenye vidonge vyake. Akakubali, kwa sharti kwamba nisilitamke neno hilo ndani ya nyumba.

Akapimwa, akapewa granti ya muda, na faili likagongwa sifuri. Sasa fikiria: huyu ni mama yule yule aliyeniadhibu Morogoro kwa kupata sifuri ya hesabu, katika nchi ambayo mtoto akitoka na ziro kwenye mtihani wa taifa familia nzima inatembea imeinama. Tulipotoka pale nikamwambia, mama, hongera, umepata ziro. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kilichomkera ni kimoja tu, kwamba karani alimwita "gogo". Nikamweleza kuwa kwa Kizulu ni bibi, ni heshima. Akasema anajua gogo ni nini, gogo ni la kuni.

Katika miezi hiyo ya sifuri vidonge vilifanya kazi. Uvimbe ulishuka, usiku alilala. Lakini nikaanza kuona mambo madogo ambayo yalinipa udadisi, kwa sababu mama yangu alikuwa anabadilika tabia. Yeye aliyekuwa akiwacheka wanaokula ugali kwa kijiko, akaanza kula kwa kijiko. Kanga zake akazikunja zote akaziweka chini ya kitanda, akavaa sketi za mpira kiunoni. Vidonge vyake alivitoa kwenye chupa akavimimina kwenye bakuli la sukari lisilo na kifuniko, na sukari ikahamia kwenye mfuko. Na jioni nikitoka saluni nilimkuta amekaa kwenye ngazi nje ya mlango wetu, ufunguo anao mfukoni, ananisubiri nifungue.

Nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Niliona mama anakuwa mtu wa mjini. Nikamtania: mama, umeshakuwa Mzungu, bado kunywa chai bila sukari. Akaniambia mji unafundisha, na kwamba pale kwenye ngazi anapata hewa na maongezi ya jirani. Nikaridhika na majibu hayo kama mtu aliyemaliza utafiti wake.

Granti ya muda ina mwisho wake. Ulipokaribia tukaitwa kupimwa upya, na hapo ndipo bahati yetu ilipotuharibia. Daktari wa siku ile alikuwa Mkongo, mtu wa Lubumbashi. Alisoma jina la mama kwenye jalada, akainua kichwa, akasalimia kwa Kiswahili.

Sijawahi kumwona mama akifurahi vile ndani ya hospitali. Kwa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye viti vile akisubiri mimi nimalize kuongea na watu juu ya mwili wake. Sasa alikuwa nyumbani. Alivuta kiti, akaanza salamu za kweli, za kukaa kitako: yeye hajambo, mke hajambo, watoto je, wanasoma, na baridi hii mnaionaje. Daktari naye akalegea, akacheka, akasema ana mama yake anayesalimia hivyo hivyo. Siku hiyo mama alikuwa amepaka wanja na kujifukiza udi. Mimi nilifunga mdomo wangu, nikifurahi kwamba kazi ya ukalimani imeisha.

"Na maboko, iko namna gani?" daktari aliuliza, akiishika mikono yake.

"Sasa haijambo, baba," mama akajibu.

Daktari akavibonyeza vidole kidogo, na mama akatabasamu, kwa sababu mtu wa watu anakubonyeza kwa upole nawe huwezi kumkunjia uso. Akaandika mstari mmoja. Tukaagana kwa baraka nyingi. Njiani mama alisema kijana yule amelelewa.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: hali yake imekuwa nzuri, anaweza kufanya kazi, granti imekwisha. Tulipokwenda kuchukua dawa, karani mwenye miwani ya kamba akafuta sifuri kwenye jalada, akaandika namba nyingine. Akasema, pole pole, kwamba sasa gogo atachangia.

Mchango wenyewe haukuwa wa kuua mtu, lakini ulikuja pamoja na kodi ya chumba, na pesa ya granti yenyewe haikuwepo tena. Nililipa, nikamwambia mama asiwaze. Baada ya muda nikaona bakuli la sukari halipungui inavyotakiwa. Alikuwa anakunywa siku moja, anaruka nyingine. Nilipomkabili alisema dawa zikizidi mwilini ni sumu, na kwamba yeye hajambo. Juni ilipoingia, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kililala upande, kikagoma kurudi.

Nilikasirika, na nikikasirika huwa nauliza zaidi. Nilikwenda peke yangu hadi dirishani. Nikamwuliza karani: mama alipata nafuu kwa sababu ya dawa, si ndiyo? Ndiyo. Kwa sababu amepata nafuu, ameondolewa sifuri ya dawa? Ndiyo. Akikosa dawa atakuwa mbaya tena, na akiwa mbaya atarudishiwa sifuri? Akanitazama juu ya miwani yake, akasema eish, dada, mimi nagonga mhuri tu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba tunaweza kuomba upya, na kwamba daktari huandika kwenye faili kile ambacho mgonjwa amekisema mwenyewe. Akageuza faili nikaona mstari ule mmoja wa daktari. Ulisema kwa Kiingereza kwamba mgonjwa hana tatizo lolote.

Nikausoma mara ya pili. Nilikuwepo chumbani. Mama hakusema hana tatizo. Alisema haijambo.

Kesho yake saluni nikafanya utafiti, huku vidole vikisuka. Nikawauliza dada zangu wa Kikongo ninaosuka nao: mtu akiwaambia mkono wake haujambo, mnaelewa nini? Wakasema wote kwa pamoja, kwani kuna cha kuuliza, hauna jambo, hakuna problème. Nikavuka barabara kwa fundi cherehani wa Tanga nikamwuliza lile lile. Aliacha kukanyaga mashine, akasikitika, akasema maskini, nani huyo anaumwa? Nikataka kumkumbatia. Kwetu mwenye mkono mzima hasemi mkono wake haujambo. Ukisema mkono haujambo maana yake ulikuwa unakuliza, sasa umeacha kukuliza. Neno moja, mabasi matatu ya safari kati ya mji na mji, na sifuri ya mama ilikuwa imepotelea katikati.

Jioni nilimsimulia mama wa Kirundi, jirani yetu. Yeye alikuwa mkimbizi, na granti ile haikumhusu, hata angekatika mikono yote miwili. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni ajabu kuona watu wanagombania kuandikwa wagonjwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa. Alisema, mwambie mama yako safari hii amwambie daktari ukweli wote, yeye mwenyewe, mimi siwezi kumsemea. Nilimwuliza ukweli gani. Akaingia chumbani kwake.

Tukaomba upya, tukapangiwa siku. Nilihakikisha ni siku ya yule yule Mkongo, maana nilitaka aliyelifunga alifungue. Tukashuka ngazi za Berea asubuhi na kuelekea hospitali kwa miguu, na njia nzima nilikuwa namfundisha mama. Asimsalimie sana. Asipake wanja. Akiulizwa hali, aseme mbaya. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, akasimama, ijapokuwa taa ilikuwa ya kijani.

"Mtu aniulize hujambo, mimi nimwambie mbaya?" alisema. "Nimemkosea nini?"

Nikamshika kiwiko. Tukavuka.

Chumbani mambo yakaenda vile vile nilivyoogopa. Daktari alimkumbuka. Salamu zikaanza. Mama hajambo, mke wa daktari hajambo, mtoto wa mwisho ameota jino. Nikamkatiza mama, jambo ambalo sijazoea kulifanya, nikamwambia daktari kwamba mara ile hakuelewa, kwamba haijambo ya kwetu siyo ya kwao.

Hakukasirika. Alilifungua faili, akausoma mstari wake mwenyewe, akamgeukia mama.

"Mama, ulinambia hakuna jambo."

"Nilisema haijambo."

"Si ni ile ile?"

"Siyo ile ile, baba. Haijambo ni mtoto aliyelia usiku kucha, sasa ananung'unika tu. Hajanyamaza."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema salamu zimekwisha, amezipokea zote, na sasa anauliza kama daktari: aeleze siku moja tu, tangu anapoamka, mikono inafanya nini.

Mama akanitazama mimi, si yeye. Niliona anapima kama anitoe nje. Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja bei ya nyanya. Asubuhi hawezi kufunga kanga, fundo linamshinda, ndiyo maana anavaa sketi za mpira. Tonge la ugali haliviringiki tena mkononi, linaanguka, basi anakula na kijiko. Chupa za dawa zina vifuniko vya kubonyeza na kuzungusha, hajawahi kufungua hata kimoja. Mama wa Kirundi ndiye anayemmiminia kwenye bakuli mimi nikiwa kazini, naye amemwapisha asiseme. Ufunguo wa nyumba anao, lakini hauzunguki. Akitoka, na jirani hayupo, hawezi kuingia, kwa hiyo hukaa ngazini mpaka mimi nirudi. Na kutawadha, alisema, akasita hapo. Kutawadha kunamchukua muda mrefu sana.

Nilikuwa nimeketi pale na majibu yote ya maswali yangu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio. Kijiko. Kanga. Bakuli. Ngazi. Mji haukuwa umemfundisha mama chochote. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Daktari alimwuliza amemwambia nani haya.

"Hakuna aliyeniuliza hivyo," mama akasema. "Wote wananiuliza hujambo."

Akamwandikia kurasa mbili. Aliandika taratibu, akimsomea kila sehemu kwa Kiswahili chake kabla ya kuiweka kwa Kiingereza, na mama akirekebisha. Alipofika mwisho alimwambia ameomba granti ya kudumu, isiyoitwa kupimwa kila mara, kwa kuwa vidole hivi havitarudi. Akaagana naye kwa mikono miwili, safari hii bila kubana.

Jibu lilichukua miezi. Vidonge vya kipindi hicho nilivilipia mimi, na nilimsimamia akivinywa kila siku, alivyokuwa akinisimamia kwa mafuta ya nyonyo nikiwa mtoto. Kidole cha shahada hakikurudi. Vingine vilibaki pale vilipokuwa. Granti ilipokubaliwa tukaenda dirishani, na karani akalitafuta faili, akafuta namba, akagonga sifuri kwa nguvu mpaka meza ikalia. Akasema, gogo, hii sasa haifutiki. Mama akamshukuru kwa Kizulu, akaongeza kwa Kiswahili kwamba yeye si gogo.

Tulipanda ghorofa tano tukipumzika kila ngazi. Jirani yetu alikuwa mlangoni kwake, akaniuliza kama ilivyo ada, mama hajambo? Nikamwambia hajambo. Tukatazamana, akacheka.

Ndani nilichukua bakuli la sukari nikaliweka mezani, tayari kumimina. Mama alikuwa ameketi kitandani bado na koti lake, mfuko wa dawa magotini. Aliitoa chupa kwa viganja viwili, kama anavyoshika kikombe cha moto, akaninyooshea.

"Nifungulie," akasema.

Nikabonyeza, nikazungusha, kifuniko kikatoka. Akachukua kidonge chake kimoja. Nilipotaka kuvimimina vilivyobaki kwenye bakuli akanizuia, akaniambia nifunge chupa, nirudishe sukari mahali pake.

"Kesho utanifungulia tena."